Betri si mawe ya kuanikwa juani

Mwalimu mmoja wa Kiswahili kutoka Turkana ameniletea swali ambalo nilidhani ningelijibu kwa sentensi mbili. Mwanafunzi wake, mtoto wa wavuvi wa Longech, aliandika hivi katika insha: "Mawe ya veipu ya kaka yalikuwa yamekufa, akayaanika juani yapate moto." Mwalimu akapiga mstari mwekundu chini ya neno "mawe", akaandika "betri" pembeni na kukata alama moja. Mtoto hakuridhika. Babake naye hakuridhika. Wanasema Longech nzima husema mawe, na hakuna aliyewahi kwenda dukani akauziwa kokoto. "Shikamoo Profesa," ananiuliza mwalimu, "hapa nani ana haki?"

Nilimwomba anitumie insha yote, akaipiga picha akanitumia. Naam, mawe yamo. Lakini kilichonisimamisha mimi ni neno jingine ambalo kalamu nyekundu ilipita bila kuligusa: kuanika. Maana insha inaendelea kusema kwamba ile veipu ilipata joto, ikatoa sauti kama ya kitu kinachopumua, kisha ikawaka. Kaka aliungua kiganja. Mkeka ukatoboka. Nyumba ilinusurika kwa kuwa upepo wa ziwani ulikuwa umetulia kidogo.

Kwa asiyepajua, Longech ni ulimi wa mchanga unaoingia Ziwa Turkana na kulikumbatia Ghuba ya Ferguson. Kutoka Lodwar unasafiri kama kilomita 60 hadi Kalokol, kisha unavuka kwa mashua. Njiani utapita nguzo za mawe za Namoratunga, ambazo wenyeji husimulia kuwa ni watu waliogeuzwa mawe. Nyumba nyingi za Longech zimejengwa kwa makuti ya mikoche, na ukishavishuhudia viangazi vya huko huhitaji kuambiwa jinsi makuti yale yanavyoshika moto. Jua la Lodwar na kandokando ya ziwa hufikisha joto la nyuzi 35 za Selsiasi na kuzidi, tena si siku moja moja, ni mwaka karibu wote.

Sasa turudi kwenye lugha, ndipo tulipoanzia. Kuita betri "mawe" si ushamba wa Longech. Kenya bara tumesema mawe ya tochi na mawe ya redio tangu vifaa hivyo vilipoingia vijijini. Wagikuyu husema mahiga, ambayo ni mawe. Wanyarwanda husema amabuye, nayo ni mawe. Waganda wao walichagua njia tofauti: betri ya tochi ni amanda, yaani makaa. Watu hawa hawakuitisha kamati ya istilahi. Kila mmoja alikishika kile kitu kigumu, kizito, baridi, kisichoonyesha dalili ya uhai, akakipa jina kulingana na alichokifahamu. Anayesema makaa huenda aliwahi kuivunja moja akakuta kijiti cheusi katikati, maana betri kavu za zamani zina kijiti cha kaboni.

Jina likishakaa huja na mazoea yake. Sisi tuliokuwa watoto miaka ya 1970 tunayakumbuka. Redio ikianza kunong'ona Jumamosi alasiri, wakati Leonard Mambo Mbotela anatangaza mpira, mawe yalitolewa na kuanikwa kwenye bati. Wengine waliyauma kwa magego. Wengine waliyagonga kwa jiwe, jiwe juu ya jiwe. Na jamani, ilifanya kazi! Baada ya saa moja redio ilipata sauti ya kutosha kumalizia kipindi cha pili. Haikuwa uchawi. Betri kavu hutengeneza umeme kwa mmenyuko wa kikemikali kati ya zinki na viungo vingine, na joto huuharakisha mmenyuko huo. Ukipasha, unakamua tone lililobaki. Baya zaidi lililoweza kutokea ni ule uji mweusi kuvuja na kuila redio ya baba, na hapo hatari haikutoka kwenye betri, ilitoka kwa baba.

Ndani ya veipu, simu, pawabenki, tochi nyingi za kichwani za siku hizi na baadhi ya pikipiki za umeme mna kitu cha jamii nyingine kabisa: betri ya lithiamu. Hapa historia ya lugha inatuchekesha. Lithiamu iligunduliwa mwaka 1817 na Msweden Johan August Arfwedson alipokuwa akichunguza madini fulani. Kwa kuwa ilitoka katika jiwe, ikapewa jina linalotokana na neno la Kigiriki lithos. Na lithos ni nini? Ni jiwe! Kwa hiyo mtoto wa Longech aliyeandika "mawe ya veipu" alikaribia asili ya jina hilo kuliko mwalimu aliyeandika "betri". Battery, tulilolikopa kwa Waingereza, lilikuwa kwanza neno la vita, safu ya mizinga, na ni Benjamin Franklin aliyelihamishia kwenye umeme katika karne ya 18 alipopanga mitungi yake ya kuhifadhia chaji.

Ila jiwe hili si jiwe la kuanikwa. Betri za lithiamu zinazochajiwa ziliingia sokoni kwa mkono wa kampuni ya Sony mwaka 1991, na wataalamu watatu waliozifanyia kazi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019. Ubora wake ni kubeba nguvu nyingi katika umbo dogo. Hatari yake inatoka papo hapo. Ndani kuna tabaka mbili zisizopaswa kugusana, katikati yake utando mwembamba wa plastiki, na vyote vimelowa kimiminika kinachoweza kuwaka. Joto likipanda kupita kiasi, yaanza minyenyuko inayotoa joto lake yenyewe, nalo linaongeza minyenyuko mingine. Utando ukiyeyuka, kwenye nyuzi kama 130 hivi, tabaka hugusana na mambo huwa yameharibika. Tangu hapo betri haihitaji jua wala chaja ili iendelee. Inajichoma.

Betri nyingi za aina hii hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto la kuzidi nyuzi 45. Sasa hebu piga hesabu ya Longech. Hewa peke yake ni 35 au 38. Bati lililo juani ni moto kuliko hewa, vilevile mchanga, na kuchaji kwenyewe huongeza joto. Kifaa kinachochajiwa juu ya paa kando ya paneli ya sola kimeshapita mpaka kabla ya adhuhuri. Paneli na ikae juani, hiyo ndiyo kazi yake. Kifaa kiwekwe kivulini, waya uvutwe.

Neno jingine linalotupoteza ni kujaa. Tunasema betri imejaa, betri imeisha, kana kwamba ni kibuyu cha maziwa. Kibuyu kikijaa, maziwa humwagika, na hasara ni ya maziwa tu. Betri ya lithiamu haina pa kumwagia. Seli moja hujaa ikifika karibu volti 4.2. Ukizidi kuisukumia umeme, ule umeme hugeuka joto na uharibifu wa ndani. Kinachoizuia isipite hapo ni kibao kidogo cha ulinzi, chembamba kuliko ukucha, kilichomo ndani ya kifaa kizuri na kisichokuwamo katika vifaa vingi vya bei ya kutupa.

Na ndipo lilipo tatizo la kaka katika ile insha. Veipu aliyokuwa nayo ni ya kutumia na kutupa. Vifaa hivyo vina betri ya lithiamu ileile, ila baadhi havina tundu la chaja kwa sababu aliyevitengeneza hakukusudia vichajiwe. Kaka alikifungua, akatoa seli, akaziunganisha nyaya zake moja kwa moja na nyaya za paneli. Paneli ndogo inayoitwa ya volti 12 hutoa hata volti 18 jua linapochoma. Seli inayotaka 4.2 ikapewa 18, juu ya mchanga wa moto, bila kibao cha ulinzi, bila kidhibiti. Kisha mtoto, kwa uaminifu wote wa mwandishi mzuri, akaandika kwamba aliianika "yapate moto". Yalipata.

Hilo neno moto nalo lina kisa. Wakenya wengi husema simu imeisha moto, au niwekee simu moto. Sina ugomvi na usemi huo, ni mtamu na una mantiki: nishati tuliyoijua kwanza ni ya moto. Watanzania wameshika umeme, lililokuwa la radi, jamaa ya vitenzi vya kung'aa kama kumemetuka. Sisi tukashika stima, lililotoka kwa mvuke wa Waingereza na meli zao. Ukienda Kakuma, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992, utasikia Kiswahili cha kila namna katika kioski kimoja cha kuchajia simu. Mkongomani anataja courant ya Kifaransa kwa ulimi wake. Msomali anasema koronto, kutoka Kiitaliano. Msudani anasema kahraba, na hilo ni ndugu wa neno letu la zamani kaharabu, ile gundi ya miti iliyogeuka jiwe na kuvutia nyuzi ikisuguliwa. Wagiriki waliiita kaharabu hiyohiyo elektron. Ajabu, mawe tena!

Nimeguswa na hili kwa sababu watu wa mwambao ule wa magharibi wamezungukwa na hadithi za umeme usiowafikia. Kalokol palijengwa kiwanda cha kugandisha samaki kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikafungwa muda si muda kwa kuwa gharama ya kuyaendesha majokofu yake haikubebeka. Upande wa pili wa ziwa, Marsabit, mitambo 365 ya upepo ilizinduliwa rasmi mwaka 2019, na umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Mvuvi wa Longech anauona upepo huohuo ukimpindulia mashua. Yeye umeme wake ni paneli ya sola, betri ya gari iliyochoka na ujanja wa kijana wa kioski. Simlaumu anayeunga nyaya. Ninachotaka ni ujanja huo upewe maneno yasiyomdanganya.

Sasa hili jina sigara ya umeme, au sigara ya kielektroniki. Linatupumbaza pia. Katika sigara ya kawaida moto uko mbele, unauona, unauzima kwa kisigino. Katika veipu hakuna kinachowaka, ni waya unaochemsha kimiminika, kwa hiyo mtu anadhani ameuepuka moto. Moto ameuweka mfukoni. Idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia mikasa ya moto ilihesabu matukio 195 ya vifaa hivi kuwaka au kulipuka nchini humo kati ya 2009 na 2016, na watu 133 waliumia. Mengi yalitokea kifaa kikiwa mfukoni, kikitumiwa au kikichajiwa. Baadaye, 2018 na 2019, walitokea hata waliokufa. Umbo lenyewe linachangia. Simu ni bapa na ikivimba hufunguka ubavuni, lakini veipu nyingi ni mrija, na seli yake ya mviringo hupasuka kwenye ncha. Gesi ikitokea upande mmoja, kifaa huruka kama fataki. Mwenye kuivuta ameishika mbele ya meno.

Ndiyo maana mashirika ya ndege hayakuruhusu vifaa hivi katika mizigo ya chini tangu 2015, wala kuvichaji ndani ya ndege. Walikuwa wamejifunza kwa uchungu. Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS iliyotoka Dubai ikiwa na shehena ya betri za lithiamu ilishika moto angani, ikaanguka, na marubani wote wawili wakafa. Wasomaji wetu walioko Ghuba watakumbuka. Na mwaka 2016 Samsung ililazimika kuiondoa sokoni simu yake ya Galaxy Note 7 miezi michache tu baada ya kuitoa, kwa sababu ya betri zilizowaka. Ikiwa kampuni kubwa kiasi hicho ilikosea, sembuse kiwanda kisichoandika jina lake kwenye kifaa?

Kuna istilahi moja ambayo Kiswahili kimeipatia, ila sisi tunaitumia visivyo. Ni kuvimba. Betri ya lithiamu iliyoharibika hutoa gesi ndani na kufura. Kusema imevimba ni sahihi kabisa, ni lugha ya mgonjwa, nayo inaonya. Tatizo ni kwamba kwetu uvimbe una tiba inayojulikana: jipu hutumbuliwa. Nimeshuhudia fundi wa simu, tena mjini, akiichoma betri iliyovimba kwa pini ili "itoe upepo". Magufuli aliposema atatumbua majipu, sote tulielewa. Tafadhali tusimfuate hadi kwenye betri. Ukiitoboa unagusanisha zile tabaka mbili, na unachokitoa si upepo, ni gesi yenye sumu inayoweza kuwaka usoni pako. Iliyovimba haichajiwi tena, haibanwi irudi bapa, hailaliwi juu. Inawekwa nje, kivulini, mbali na makuti, kwenye sufuria kuukuu yenye mchanga.

Wahariri nao nina neno nao. Kila tukio huandikwa "betri ililipuka". Kulipuka ni ghafla, huwezi kufanya lolote. Lakini mara nyingi betri huanza kwa kupata joto isivyo kawaida, ikavimba, ikatoa harufu tamu kali au sauti ya kupumua kama ile aliyoisikia mtoto wa Longech, ikafuka, ndipo ikawaka au kupasuka. Pengine una dakika, pengine sekunde chache. Anayesoma "ililipuka" hajifunzi kwamba kulikuwa na dalili. Andikeni ilifuka, iliwaka, ilipasuka, kwa mujibu wa kilichotokea.

Basi mwalimu wangu, hukumu yangu ni hii. Betri ni sanifu, na katika mtihani ndilo la kuandikwa. Mawe ni Kiswahili cha mazungumzo cha eneo pana sana, si kosa katika insha ya masimulizi, hasa likiwekwa kinywani mwa kaka. Mrudishie mtoto alama yake. Kisha chukua kipindi kizima, mjadili kuanika. Waambie mawe ya redio ya babu yalianikwa, haya ya veipu na simu hayaanikwi, hayaumwi, hayagongwi. Kama ningepewa uwezo wa kupanga upya, ningeomba tukope makaa ya Waganda: kila mtu anajua kaa laweza kuonekana limezimika na kumbe limo moto ndani.

Waambie pia habari ya maji. Tumefunzwa kwamba moto wa stima hauzimwi kwa maji, na kwa waya uliounganishwa na umeme wa laini hilo ni kweli, usijaribu. Lakini betri ndogo ya lithiamu inayowaka, ikishachomolewa kwenye chaja, inatakiwa maji, tena mengi, kwa sababu inahitaji kupoa. Mchanga wa Longech utaizuia isirukie makuti, ila hautaipoza, na iliyofukiwa ikidhaniwa imezima yaweza kuwaka upya. Mkae upande unakotoka upepo, msiuvute ule moshi.

Na jambo moja la shuleni kwako. Najua shule nyingi bado huvunja mawe kuukuu, husaga ule weusi na kuupaka ubao ukoze. Mwaka huu watoto wataleta betri za kila aina, na zile za veipu zitakuwemo kwa sababu zimetupwa kila mahali. Kabla hamjavunja hata moja, someni maandishi ubavuni. Mkiona Li-ion, au 3.7V, au mfuko laini wa rangi ya fedha usio na maandishi yoyote, wekeni kando.